Soksi Tisa za Wifi

Nianze na hili, asije mtu akaniambia natia chumvi: mimi na wifi yangu hatukupatana tangu siku ya kwanza, na mwenye makosa ni yeye. Mdogo wangu alipomleta nyumbani kumtambulisha, alisalimia vizuri, akakaa, akanywa chai, halafu akaitazama sketi yangu na kusema, "Dada, hiyo sketi ukinipa dakika tano tu nitaiweka sawa." Mbele ya wageni! Sketi niliyoipiga pasi mwenyewe asubuhi ile ile!

Kumbe ndiyo kazi yake. Wifi ni mpiga pasi kwenye duka la dobi, anasimama nyuma ya meza ndefu tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na sidhani kama kuna shati la heshima mjini hapa ambalo halijapita mikononi mwake. Ukikaa mbele yake na nguo yenye mikunjo anaumia, na haigizi, anaumia kweli. Mdogo wangu ni kinyozi, na kabla ya kuoa alikuwa akivaa suruali jinsi alivyoiokota sakafuni. Siku hizi anatembea wima kwa kuogopa kuharibu mstari.

Na mguu wa wifi wa kushoto, kuanzia chini ya goti, ni wa bandia. Miaka sita iliyopita lori lilirudi nyuma sokoni na dereva hakutazama, basi. Mwenyewe hapendi kisa hicho kirefushwe. Ninachokumbuka mimi ni kwamba alipozinduka kule wodini, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama yule mteja wa shati la bluu alishalichukua.

Mguu alionao ni wa pili, na aliyeutengeneza ni Fundi. Sisi wote tunamwita hivyo, hata mkewe. Karakana yake ya viungo bandia iko nyuma ya hospitali, chumba kimoja kirefu chenye tanuri, meza mbili, na vumbi la plasta juu ya kila kitu, nyusi zake zikiwemo. Ni mtu mwembamba, mpole, asiyejua sura za watu. Yeye anajua mwendo. Mkikutana uso kwa uso barabarani atakupita kama hakujui, halafu ukishampita utamsikia nyuma yako: "Aa, kumbe ni wewe! Bado unaliangusha bega la kulia." Hata mimi, mwenye miguu yangu miwili kamili, aliwahi kuniambia kwamba natembea kama mtu aliyekasirika. Nikamwambia ndiyo, nimekasirika.

Sasa kuhusu soksi. Kile kipande cha mguu kinachobaki baada ya kukatwa kinaitwa kigutu, na kigutu hukonda kadiri miaka inavyokwenda. Mguu wa bandia nao una sehemu ya juu iliyo wazi inayopokea kigutu, Fundi huiita kikombe. Kigutu kikikonda kikombe kinapwaya, mguu unaanza kucheza, na kila hatua unachuna ngozi. Dawa ya muda ni kukivisha kigutu soksi. Unaanza na moja, unaongeza ya pili, ya tatu. Kwa hesabu ya Fundi, ukifika ya tano kikombe hicho hakikufai tena.

Wifi alikuwa amefika ya tisa.

Nilijuaje? Nilijua kwa sababu soksi zilianza kupotea nyumbani. Zilianza za mdogo wangu, nikanyamaza, kwani yeye hata kichwa chake angekuwa anakivua angekisahau mahali. Halafu ikapotea moja yangu, tena si soksi ya hivi hivi: soksi nene ya sufu, ya manjano yenye maua mekundu, aliyonifumia marehemu mama kwa mikono yake. Nilipindua nyumba nzima. Nilimshuku paka wa jirani, nikamshuku na jirani mwenyewe. Siku moja naingia chumbani kwa wifi kumwita tule, namkuta amekaa kitandani amevua mguu, anavua soksi moja baada ya nyingine. Katikati ya zile soksi nikaona maua.

"Wifi!" nilipiga kelele mpaka mdogo wangu akaja na mkasi mkononi. "Hiyo ni soksi ya mama yangu!"

"Ni mama mkwe wangu vile vile," akajibu bila haya. "Na ndiyo nene kuliko zote. Nyingine zinateleza."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, nilikuwa nimeshavuta na pumzi ya kuyasemea. Akavua ya mwisho, nikaona kidonda. Kilikuwa chini kidogo ya goti, ukubwa wa kifungo cha koti, chekundu, kibichi.

Kesho yake nilimburuta kwa daktari. Daktari alikitazama, akakibonyeza pembeni, akavua miwani, na mimi daktari akivua miwani najua hakuna jema linalokuja. Alisema kidonda chenyewe kinatibika, ila kikombe kile kikiendelea kukichuna kitafika mfupani. "Na kikifika mfupani tutakata tena, mama. Safari hii juu ya goti."

Mtu asiyejua atasema goti ni kitu gani. Muulize Fundi. Mwenye goti lake anasimama kutwa, anapanda ngazi, anainuka kwenye kiti bila kushikwa mkono. Asiye na goti anaanza maisha upya, na kazi ya kusimama nyuma ya meza ya pasi saa tisa kwa siku aisahau. Wifi alijua hayo yote. Tulipofika mlangoni kwetu akasema: "Nina mashati arobaini ya kesho." Akaingia ndani.

Basi mtengenezeeni kikombe kipya, yaishe! Ndivyo nilivyomwambia Fundi, wifi akiwa kando yangu, tena kwa sauti ambayo wagonjwa wa nje waliisikia. Fundi akaniambia kikombe anaweza kukitengeneza kwa siku nne. Tatizo ni namba.

"Namba gani?"

Akaugeuza mguu wa wifi akanionyesha. Nyuma ya kigimbi, kwa rangi nyeupe, ilikuwa imeandikwa namba ndefu yenye mikwaju miwili, kama zile zilizoko chini ya madawati ya shule yetu. Kumbe makao makuu ya huduma ya viungo bandia wanaiandikisha miguu kwenye daftari moja na vitanda na viti, na kila kilichomo kwenye daftari lile lazima kiishi miaka mitano. Mguu wa wifi ulikuwa na mitatu. Fomu ya maombi ina sehemu ya mguu mzima tu, kikombe peke yake hakimo. Na bila fomu, plastiki ya kutengenezea haitoki stoo.

"Na wewe umefanya nini?" nikamuuliza.

Akafungua droo. Miaka mitatu alikuwa akiwaandikia. Majibu alikuwa nayo yote, ameyapanga vizuri, na yote yalisema kitu kimoja: Barua yako imepokelewa.

Wifi aliomba nakala ya barua mojawapo aliyotuma, akaisoma. Ilianza na "upungufu wa ujazo wa kigutu unaopelekea kutowiana kwa mgusano". Akairudisha mezani. "Fundi, mwenye kigutu ni mimi, na sijaelewa."

"Hayo ndiyo maneno ya kitaalamu."

"Sawa. Ya kwako yabaki, na sisi tutie ya kwetu. Ukiandika wewe peke yako wanaona fundi anataka plastiki. Tukiandika sisi peke yetu wanaona wagonjwa wanalia. Tuandike pamoja."

Hivyo ndivyo kilivyoanza kile chama chetu. Watumia miguu walikuwa kumi na wanne. Wataalamu walikuwa wawili: Fundi, na Mama Mazoezi, yule mama anayewafundisha watu kutembea upya na ambaye hajawahi kusema neno kwa sauti ya chini. Mimi nikafanywa katibu bila kuulizwa, eti kwa sababu ni karani wa shule na mwandiko wangu unasomeka. Kikao cha kwanza tulipoteza nusu saa tukibishana kama wataalamu wakae mbele au wachanganyike na watu. Wifi aliinuka, akavuta mabenchi yakawa duara, akasema, "Haya, mbele iko wapi sasa?"

Barua ilikuwa nzuri, nasema mwenyewe kwa sababu niliiandika. Kila mtu alisema lake kwa maneno yake, na Fundi akaweka chini yake sababu. Mzee mmoja, mlinzi mstaafu tunayemwita Afande, alisema mguu wake unalia njiani mpaka mbwa wa mtaa wa pili wanamjua akiwa bado hajakata kona. Nikaandika hivyo hivyo. Wote wakatia sahihi. Fundi alikuwa wa mwisho, na aliisoma barua nzima mara mbili kwanza, maana yeye ndiye aliyeajiriwa na watu tunaowalalamikia.

Wiki mbili hazikupita, jibu likaja. Mkurugenzi mwenyewe wa makao makuu atafika karakana siku ya Alhamisi kujionea. Tulipiga vigelegele. Laiti tungejua.

Naomba hapa nieleze taratibu, maana kila nikilikumbuka jambo hili damu inanichemka. Fundi, kusikia mgeni anakuja, akapata kichaa. "Mkurugenzi aje aone miguu yangu inayumba?" Wiki nzima hakula mchana. Aliita mtu mmoja mmoja, akakaza, akasaga, akapaka mafuta, mguu wa Afande ukanyamaza kimya. Kikombe cha wifi alikijaza vipande vya ngozi laini alivyovitoa sijui wapi. Mama Mazoezi naye akawapanga kwenye korido, asubuhi na mchana: "Kifua mbele! Usitazame chini, chini hakuna pesa!" Na wifi yangu, jamani, wifi yangu akakusanya suruali na sketi zote kumi na nne akaenda kuzipiga pasi. Alisema hatokubali watu wake waonekane wamekunjamana mbele ya mkubwa.

Na mimi je? Mimi mjinga nilinunua viatu vipya.

Hata mtu mmoja hakusimama akauliza, jamani, tunakwenda kulalamika au tunakwenda harusini?

Alhamisi Mkurugenzi akaja. Mtu mnene, mchangamfu, mwenye vishimo mashavuni, wala hakuwa mbaya, ndiyo maana inauma zaidi. Tulimkalisha kwenye kiti kizuri. Watu kumi na wanne wakawa wanapita mbele yake, huyu anabeba kikombe cha chai, yule sahani ya biskuti, Afande akapita kwa gwaride na saluti. Baada ya dakika kumi Mkurugenzi akamwinamia Fundi: "Hongera, una wafanyakazi wengi. Wagonjwa watafika saa ngapi?"

Fundi alifurahi mpaka masikio yakawa mekundu. "Ndio hao, Mheshimiwa."

Mkurugenzi akainuka akapiga makofi. Na sisi, kwa akili zetu timamu, tukapiga pia.

Ndipo nikatakiwa kuleta kitabu cha wageni. Vile viatu vipya vilikuwa vimenibana tangu asubuhi, kisigino kimechubuka, nikawa nakuja nachechemea. Mkurugenzi aliniona, akatoka mbio, akanishika mkono, akanikalisha kwenye kiti chake mwenyewe. "Pole sana, mama. Naona wewe bado hujazoea. Usikate tamaa, mguu huu utauzoea tu." Nikafungua mdomo nimweleze. Mama Mazoezi akanipiga kiwiko cha mbavu nisimwaibishe mgeni. Nikaufunga.

Akaandika kitabuni, akatupungia mikono, akaondoka. Gari lilipopotea ndipo wifi alipokichukua kile kitabu akasoma kwa sauti: "Nimejionea mwenyewe. Huduma imekamilika. Sijaona upungufu wowote."

Afande akavua kofia.

Mimi sikukaa kimya. Niliwaambia yote, mmoja baada ya mwingine, Fundi na sifa zake, Mama Mazoezi na kifua mbele chake, wifi na pasi yake. Nilikuwa natafuta la kujiambia na mimi nilipoona wifi ameshika ukingo wa meza na ameng'ata mdomo. Tulipofika nyumbani akavua mguu, na ile soksi ya maua ilikuwa na damu.

Daktari hakuvua miwani safari hii, ilikuwa mkononi tayari. Alimpa siku kumi. Mguu asiuvae kabisa, atumie magongo, kidonda kisafishwe. Siku ya kumi kikiwa kimeanza kukauka na kikombe kipya kimepatikana, vizuri. Ikiwa sivyo, aje na nguo za kulalia.

Niliogopa. Mimi na ukali wangu wote niliogopa. Mdogo wangu ndiyo usiseme: Ijumaa alimnyoa mteja upande mmoja, akamtoza, akamuaga. Yule mtu alirudi na kofia. Wifi peke yake alijikaza. Aliwekewa kiti pale dobi akawa anapiga pasi kola tu, kwa sababu ukiwa umekaa shati zima huliwezi.

Jumapili Fundi alikuja nyumbani. Alisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza nilimwona akimtazama mtu usoni. "Nimekuumiza kwa kutaka sifa," alimwambia wifi.

"Hukuwa peke yako," wifi akajibu. "Mimi niliona haya kuchechemea mbele ya mgeni. Miaka sita najifunza mtu asijue, halafu siku ya kutakiwa ajue nikaficha vizuri kuliko siku zote." Akamsogezea kiti. "Kesho tunakwenda kwake. Tunakwenda kama tulivyo."

Tulipiga simu kwanza, tusionekane washenzi. Katibu wake akasema nafasi ya kumwona Mkurugenzi iko baada ya mwezi na nusu. Siku zilizobaki zilikuwa sita. Tukaenda hivyo hivyo: wifi na magongo yake, Fundi, Afande, na mimi nimebeba mguu kwenye mfuko wa sokoni, soksi zote zikiwa ndani ya kikombe. Soksi tisa, na ile ya maua haikuwa imefuliwa. Wifi, ambaye doa la chai la mtu mwingine humnyima usingizi, aliniambia niiache na damu yake. Najua ilimgharimu kiasi gani kusema vile.

Langoni palikuwa na mlinzi, kijumba chake kidogo, meza, benchi, na daftari kubwa.

"Kwenye mfuko mna nini?"

"Mguu," nikasema.

"Mguu wa nini?"

"Wangu," akasema wifi.

Mlinzi akafungua mfuko. Akautoa, akaugeuza, akaiona ile namba nyeupe. Uso ukambadilika. Baadaye tulikuja kujua kwamba wiki ile ofisi ilikuwa imeibiwa feni mbili na viti, na walinzi wote walikuwa wamefokewa. "Hii ni mali ya ofisi," alisema. "Kibali cha kuitoa kiko wapi?"

"Kibali? Mimi natembelea huo!"

"Mama, mimi sijakataa. Kitu kina namba, kina daftari. Kaeni hapo kwenye benchi, msiondoke." Akanyanyua simu, akajipanga vizuri. "Afisa? Nimekamata watu wanne na mali ya ofisi yenye namba. Ndiyo, iko mkononi mwangu."

Miaka mitatu ya barua, jamani! Barua yako imepokelewa, barua yako imepokelewa! Kwa mguu wa wizi Mkurugenzi alishuka kwa dakika tano, anahema, tai imekwenda begani, na watu wawili wa stoo nyuma yake. Akaingia kijumbani, akatazama benchi zima, na aliyemtambua ni mimi.

"Mama! Ni wewe! Mguu unaendeleaje?"

"Mguu upi, Mheshimiwa?"

"Ule mpya. Uliokuwa unakusumbua."

"Miguu yangu nimezaliwa nayo," nikamwambia. "Siku ile viatu ndivyo vilivyonibana."

Alinitazama. Akawatazama wenzangu, akarudi kwangu. "Sasa mgonjwa ni nani?"

Wifi akavuta sketi kidogo, akaonyesha pale mguu unapoishia, na bandeji. Mkurugenzi akakaa kwenye kiti cha mlinzi. "Wewe uliniletea chai," alisema polepole. "Nilidhani ni muuguzi."

Mlinzi yeye hakuwa na habari na mazungumzo yetu. Mali lazima iorodheshwe pamoja na vilivyomo. Akaingiza mkono kwenye kikombe, akatoa soksi, akaiweka mezani na kuandika huku akitamka: "Soksi, moja." Akaingiza tena. "Soksi, ya pili." Ya tatu. Ya nne. Kufika ya sita alikuwa ameacha kuandika, anatoa tu. Ya tisa ilikuwa ile ya mama. Aliishika kwa vidole viwili, akaona damu iliyokauka juu ya maua, akaiweka chini taratibu sana.

"Hizi zote za mguu mmoja?" akauliza.

"Mimi nina saba," Afande akasema, akapandisha suruali.

Mkurugenzi akamgeukia Fundi. "Lakini mimi nilikuja! Nikaona kazi nzuri kwa macho yangu."

"Ulituona tumepigwa pasi, Mheshimiwa," wifi akasema.

Wote tukamtazama Fundi. Mnaomjua Fundi mtaelewa. Mtu huyu, ukimwambia mguu aliokutengenezea unabana, anakuuliza umekula nini. Alisimama, akauchukua ule mguu mezani, akaushika kwa mikono miwili.

"Mguu huu ni mbovu," alisema. "Nimeutengeneza mimi, na ni mbovu. Miaka mitatu iliyopita ulikuwa mzuri. Leo kikombe kinamchuna mtu, na nilikijaza ngozi ili wewe usione. Nikipata plastiki nitakibadilisha kwa siku nne. Nisipopata atakatwa goti, na mimi ndiye nitakayeitwa kumpima mguu wa juu ya goti." Machozi yalimtoka, yakapita kwenye vumbi la plasta, na hakuyafuta.

Mkurugenzi alikohoa. "Utaratibu unasema miaka mitano. Hata kiti changu..."

"Kiti hakikondi, mkubwa," akasema mlinzi.

Naapa hakuna aliyemtuma. Hata yeye mwenyewe alishtuka, akasimama wima kama anayengoja kufukuzwa. Mkurugenzi alimtazama, kisha akavuta lile daftari la lango, akachana ukurasa, akaandika pale pale. Plastiki ya kikombe kimoja itoke stoo leo, Fundi asiulizwe fomu. Akachana wa pili, wa Afande. Akamwambia mtu wa stoo kwamba fomu itaongezwa mstari wa kikombe peke yake, na kikao cha kuamua mengine kitakuwa na Fundi, na Mama Mazoezi, na wifi. "Na huyu mama mwenye viatu," akaongeza, "aje aandike."

Tukainuka kuondoka. Mlinzi akatunyooshea mkono. "Kibali cha kuutoa mguu." Mkurugenzi akasaini na hicho. Mimi nikasaini soksi tisa.

Siku ya kumi daktari alikitazama kidonda, akavaa miwani. Kilikuwa kimeanza kukauka, na kikombe kilikuwa tayari tangu jana yake. Aliongeza wiki mbili za magongo, na Fundi aliongeza wiki mbili za kuja nyumbani kila jioni kupima, mpaka mdogo wangu akawa anamnyoa bure.

Fomu sasa ina huo mstari. Haukuja kwa siku moja, tulikaa vikao vinne, na bado kuna mengi tunagombana nayo. Kwenye kikao cha kwanza wifi aliyatazama mapazia ya chumba cha mkutano na kusema akipewa dakika kumi atayaweka sawa. Miguu bado ina namba, ila daftari ni la miguu peke yake.

Siku aliyorudi kusimama kwenye meza yake ya pasi nilipita pale dobi, eti nina sketi ya kufua. Alikuwa amesimama kwa miguu miwili, mvuke usoni, anaimba vibaya. Akanipa kifurushi: soksi zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimekunjwa. Nani anapiga soksi pasi? Nikazihesabu. Zilikuwa nane.

"Ya maua iko wapi?"

"Kikombe hiki kinataka moja tu," akasema bila kuinua macho kwenye shati. "Nikachagua hiyo."

Nilimwambia maneno yangu, msidhani nimekuwa malaika. Halafu nikarudi nyumbani, nikafungua sanduku, nikatoa mwenzake, ile soksi ya pili ambayo sikuwa nimeigusa tangu mama afariki, nikamrudia. Nikaiweka juu ya meza ya pasi.

"Ya kubadilisha," nikasema. "Huwezi kuvaa moja kila siku, utanuka."

Aliishika, akaipitisha kwenye shavu. Tulisimama pale kama wajinga, pasi inatoa moshi. Mwishowe akajifuta macho, akanitazama kuanzia juu hadi chini, akatua kwenye sketi yangu.

"Wifi, dakika tano tu."

Nikaenda nyuma ya pazia, nikamvulia.